Nani Humfundisha Mtumishi Mpya?

Mtumishi mpya wa Serikali huwekwa katika majaribio kwa miezi 12. Kanuni za maadili huzisoma mara moja. Wakongwe wa ofisi huwatazama kila siku. Akimwona karani wa masijala akimwambia mkulima aliyetoka mbali arudi kesho, hali jalada li mezani, huamini kwamba ndivyo kazi inavyofanywa. Dharau ya namna hii ndiyo Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, katika ibara ya 15, uliyowakataza viongozi.

Kumpima mgeni peke yake si haki. Wakuu wa idara na walimu wakuu hawana budi kuchagua kwa makini atakayefanya naye kazi, na mkongwe anayemzoeza uzembe awajibishwe kwanza.