Nyuzi za Chuma si Kosa

Mwaka jana nilinyimwa nafasi ya kupiga gitaa katika onyesho la wanafunzi. Kwa miezi mitano nilikuwa nimejifunza sehemu ya polepole ya "La Catedral", utunzi wa Agustín Barrios wa Paraguay. Mwalimu aliyekuwa akichagua wapigaji alilitazama gitaa langu, akagusa uzi mmoja kwa kidole, akasema: "Hizi ni nyuzi za chuma. Hapa tunapiga muziki wa klasiki, mdogo wangu, si wa baa." Sikupewa hata dakika moja ya kusikilizwa. Nililirudisha gitaa katika mfuko wake nikaenda nyumbani.

Siandiki ili kumlaumu mtu huyo. Naandika kwa sababu alikosea, na kosa lake wanalo wengi. Barrios mwenyewe alitumia nyuzi za chuma!

Tumtazame mtu huyu. Alizaliwa tarehe 5 Mei 1885 kusini mwa Paraguay, akasoma Asunción, na huko akafundishwa gitaa na Gustavo Sosa Escalada. Mwaka 1910 alivuka mpaka kwenda Argentina, na tangu hapo maisha yake yakawa ya safari: Uruguay, Brazil, nchi nyingi za Amerika ya Kusini na ya Kati, hata Ulaya. Aliandika mashairi. Alirekodi santuri tangu miaka ya 1910, wakati wapigaji wa gitaa la klasiki waliorekodi walikuwa wachache mno. Alimheshimu sana Bach, na "La Catedral" ya mwaka 1921 ni ushahidi wa heshima hiyo. Lakini pia alitunga ngoma za kwao na za majirani, kama "Danza Paraguaya" na "Maxixe", akaziweka katika onyesho moja na Bach bila kuona haya.

Sasa turudi kwenye nyuzi. Wakati wake, wapigaji wa klasiki walitumia nyuzi zilizotengenezwa kwa utumbo wa wanyama. Nyuzi hizo ni ghali, na katika joto na unyevu hulegea na kukatika. Msafiri wa nchi za joto afanye nini? Barrios alichagua chuma, akaweka vipande vidogo vya mpira karibu na daraja la gitaa ili kupunguza ukali wa mlio. Nyuzi za nailoni, ambazo leo tunaambiwa ndizo alama ya klasiki, zilianza kuuzwa madukani baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Barrios alikuwa amekwisha kufa San Salvador tarehe 7 Agosti 1944. Kwa hiyo kanuni iliyonifukuza mlangoni ni changa kuliko utunzi niliotaka kuupiga. Kwa kanuni hiyo, mtunzi mwenyewe asingeruhusiwa kuupiga utunzi wake.

Najua majibu yatakayotolewa. Wa kwanza atasema kwamba chuma kina mlio mkali. Ni kweli, nakubali. Ni kweli pia kwamba gitaa lililoundwa kwa nailoni laweza kuharibika likifungwa chuma. Lakini mlio husikilizwa kwa sikio, na mwalimu yule alitumia macho. Wa pili atasema kila fani ina kanuni zake. Nakubali tena. Mimi nataka tu kuuliza kanuni ilitoka wapi, na inamlinda nani.

Wa tatu atanitupia methali: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kama Barrios alikuwa mkubwa hivyo, mbona hakujulikana? Hapa ndipo nakataa kabisa. Mwaka 1921 Barrios alimpigia Andrés Segovia "La Catedral" huko Buenos Aires. Segovia alikuja kuwa mwenye sauti kubwa kuliko wote katika gitaa la klasiki. Alichokirekodi kilifundishwa, na alichokiacha kilisahauliwa. Kazi za Barrios hakuzirekodi. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, Barrios alitoka jukwaani amevaa manyoya ya ndege, akijiita Nitsuga Mangoré: Nitsuga ni Agustín likisomwa kinyumenyume, na Mangoré ni jina la chifu wa zamani wa wenyeji wa nchi ile. Wapo wanaomcheka kwa manyoya yale. Mimi nawacheka watazamaji waliohitaji manyoya ndipo wakae na kusikiliza.

Hatimaye, mwaka 1977, John Williams alitoa santuri nzima ya kazi za Barrios, na wapigaji wa dunia wakaanza kuzitafuta. Hesabu mwenyewe: miaka 33 tangu kifo chake. Leo sura yake imo katika noti ya guarani 50,000 ya Paraguay. Kizuri hakikujiuza. Kilingoja mpaka mtu mwenye jina akifungulie mlango.

Sisi wa Katanga tulipaswa kulielewa jambo hili upesi kuliko wengine. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean Bosco huko Jadotville, mji tunaouita sasa Likasi. Katika "Masanga" yake, kidole gumba na cha shahada vinafanya kazi ambayo ungedhani ni ya watu wawili. Wataalamu wa kigeni wameuandika upigaji wake kwa noti na kuuchambua katika majarida. Hapa kwetu bado nasikia vijana wakiambiwa waache "gitaa la baa" wajifunze "gitaa la kweli". Na Mwenda aliimba kwa Kiswahili cha hapa, ambacho nacho tuliambiwa kuwa si "Kiswahili bora". Mimi ninayeandika insha hii kwa Kiswahili sanifu nimekipenda na nimekisomea. Lakini mama yangu aliniimbia kwa kile kingine, na sikubali kwamba hakuwa akisema lugha.

Ombi langu kwa walimu wa muziki ni dogo. Mwanafunzi akija na gitaa, mwacheni apige kwanza. Akikosea mapigo, mwambieni. Akiharakisha, mrudisheni mwanzo. Mlio ukiwa mkali, mfundisheni kuulainisha, kama Barrios alivyofanya kwa vipande vya mpira. Baada ya hapo, mkimkataa, atajua amekataliwa kwa sababu gani.

Onyesho la mwaka huu linakaribia. Nitakwenda na gitaa lilelile, na nyuzi zilezile.