Kasongo – Kabambare: Programu inayosomwa na mtu mmoja tu inakimbia pamoja naye

Mwalimu wa informatiki mara nyingi anatoa pointi programu ikitembea. Mwanafunzi anabonyeza, jibu linatoka, kazi imekwisha. Kama ndani ya programu vitu vyote vinaitwa a, b ao x2, na hakuna mahali maneno yanaeleza sababu ya kitu chochote, hakuna anayeuliza. Kwa kusini mwa Maniema, namna hiyo ya kutoa pointi haitoshi. Huku watu wanahama. Leo kijana yuko Kasongo, kesho yuko Kindu ao Bukavu kwa masomo, na wengine wanahama kwa sababu usalama umeharibika.

Tuchukue mfano. Kijana mmoja anatengeneza programu ndogo ya kuandikisha jamaa zilizokimbia kutoka Salamabila ao Wamaza, katika teritware ya Kabambare. Ili mtu asiandikwe mara mbili, programu inalinganisha majina na tarehe ya kuzaliwa. Lakini ndani yake kuna mstari mmoja wa kushangaza: mtu akiwa amezaliwa tarehe 1 mwezi wa 1, tarehe yake isitumiwe kulinganisha.

Aliyeandika anajua sababu. Wakaaji wengi wa vijijini hawana cheti cha kuzaliwa. Wanajua mwaka tu, na muandikishaji anajaza 01/01. Kwa hiyo wamama wawili wenye majina sawasawa, wote wa 01/01/1985, wanaweza kuwa watu wawili kabisa.

Kijana anaondoka. Mwenzake anafungua programu, anaona mstari ule, anafikiri ni kosa, anaufuta. Programu inaendelea kutembea bila shida. Siku ya ugawaji, mama anasimama kwenye foleni tangu asubuhi. Akifika mbele anaambiwa kwamba amekwisha kupokea. Hakuna aliyeiba. Kulikosekana sentensi moja juu ya mstari ule: « 01/01 maana yake siku haijulikani, usiitumie kulinganisha ».

Maelezo ya namna hiyo ndiyo wanafunzi wafundishwe. Kuandika « hapa tunaongeza 1 » pembeni ya mstari unaoongeza 1 ni kupoteza wino. Kila mtu anaona. Kinachotakiwa ni sababu ambayo macho hayaioni. Kwa nini kuna nafasi tatu za jina? Kwa sababu Mukongo ana jina, postnom na prénom, na programu nyingi zilizotoka inje zina nafasi mbili tu. Mambo mengine yaelezwe na majina yenyewe: idadi_ya_watoto haihitaji maelezo, b2 inahitaji. Ikiwa Kiswahili ao Kifaransa, hakuna ubaya, mradi yule atakayefuata aelewe, na lugha isibadilike katikati ya kazi.

Lakini kuna jambo moja la kuangalia sana. Mifano inayowekwa katika maelezo iwe ya majina ya kubuni. Jina la kweli la jamaa na mahali inapolala havipaswi kubaki ndani ya karatasi ya programu, kwa sababu karatasi hiyo inaweza kufika mikononi mwa wenye silaha.

Kasongo haianzi leo kuandika kwa ajili ya mtu asiyekuwepo. Kuanzia mwaka 1971, Taasisi ya Dawa za Kitropiki ya Antwerp, Ubelgiji, ilifanya kazi hapa pamoja na wahudumu wa afya wa mahali katika mradi uliojulikana kama Mradi wa Kasongo. Mwaka 1981, jarida la Lancet lilitoa makala yao juu ya chanjo ya surua na uhai wa watoto wa Kasongo, chini ya jina la timu nzima. Waganga wa nchi zingine waliisoma na kuibishania. Hesabu za watoto wa Kasongo ziliweza kubishaniwa mbali hivyo kwa sababu ziliandikwa kwa namna ambayo mgeni anaelewa. Na leo DHIS2, programu ambayo wizara ya afya ya Kongo inatumia kukusanya ripoti, inayoongozwa na Chuo Kikuu cha Oslo, ina vitabu vya maelezo vilivyo wazi kwa kila mtu.

Wanafunzi watajibu kwamba muda hakuna: kompyuta moja kwa watu wengi, na betri ya jua inakwisha kabla ya zamu. Ni kweli, na haifai kuwacheka. Lakini kusoma hakuhitaji umeme. Programu ya kurasa mbili inaweza kuchapwa, darasa likaisoma chini ya muembe na kalamu mkononi, kila mtu akitia alama pale asipoelewa. Pale penye alama nyingi ndipo panahitaji maelezo.

Na nusu ya pointi za mtihani ziwekwe pembeni. Programu ya mwanafunzi mmoja apewe mwingine, muandikaji akae inje, mlango ufungwe. Msomaji apate saa moja ya kuongeza kitu kimoja tu, kwa mfano hesabu ya wamama wenye mimba katika kila jamaa. Akishindwa mpaka aombe muandikaji aitwe, pointi zinazopunguzwa ziwe za muandikaji.