Nani Alitia Sumu Bwawani?

Leo twazungumza juu ya maji ya bwawa la samaki, nami naanza kwa kuungama kosa langu mwenyewe.

Nyumbani kwangu, katika vilima vya Rungwe, nina bwawa la mita 15 kwa 10. Nilipanda humo perege 300, na kambale wachache wa kuwala watoto wa perege, maana perege huzaana upesi mno. Samaki wakastawi kwa mbolea kidogo. Nikawaza: ikiwa kidogo kimefanya hivi, kingi je? Nikamwaga mbolea mbichi ya nguruwe, ndoo juu ya ndoo, mpaka maji yakawa kijani kizito.

Mwezi wa nne mawingu yalifunika siku tatu. Siku ya nne, kabla ya jua kuchomoza, nikakuta perege wanaelea matumbo juu. Sikujiuliza hata swali moja. Nilikuwa nimegombana na jirani yangu juu ya mfereji wa maji. Nikasema moyoni, "Ndiye aliyetia sumu." Kisha nikalisema neno hilo mbele ya watu, na hapo ndipo nilipokosa zaidi. Majuma matatu hatukuamkiana, na watoto wetu wakakatazwa kucheza pamoja.

Ndipo akaja bwana samaki wa wilaya. Akauliza, "Bwana karani, walikufa saa ngapi?"

"Alfajiri."

"Waliotangulia ni wakubwa au wadogo?"

"Wakubwa."

"Na kambale?"

"Kambale ni wazima."

Akatikisa kichwa. "Sumu gani hiyo imwachayo kambale? Samaki wako walikosa hewa. Kambale amepona kwa sababu aweza kupanda juu na kuvuta hewa kama wewe na mimi."

Kumbe samaki naye hupumua! Hewa yake, yaani oksijeni, imo ndani ya maji. Ule ukijani ni vijimea vidogo sana. Mchana, jua likiwaka, vijimea hivyo hutoa oksijeni. Usiku havitoi, bali navyo huivuta. Mbolea na chakula kinachooza huitumia pia. Kwa hiyo hewa hupungua usiku kucha, na alfajiri ndiyo saa ya hatari, hasa baada ya siku za mawingu. Samaki wakubwa, wanaohitaji hewa nyingi, hufa kwanza.

Basi, msomaji, shika haya. Nenda bwawani mapema, kabla ya jua. Ukiwaona samaki wamekusanyika juu wakipanua vinywa, usidhani wanakusalimu. Fungulia maji mapya mara moja, yaanguke kwa kishindo ili yachukue hewa. Toa maji machafu ya chini. Acha mbolea, acha na chakula, mpaka samaki wapone.

Kipimo nacho unacho mwilini. Mchana, zamisha mkono wako polepole ukitazama kiganja. Kikipotea machoni kabla maji hayajafika kiwikoni, ukijani umezidi: simamisha mbolea. Kikipotea karibu na kiwiko, maji ni mazuri. Ukikiona bado hata maji yamepita kiwiko, ongeza mbolea kidogo, tena iliyooza vizuri.

Sisi wa nyanda za juu tuna kosa jingine. Kwa kuwa vijito ni vingi, wengi wetu huyaacha maji yapite bwawani mchana na usiku. Maji hayo ni baridi, nayo huuchukua ukijani ambao ni chakula cha samaki. Perege hukua vizuri katika maji ya joto la nyuzi 25 hadi 30. Yakishuka chini ya 20, hukua polepole sana. Ingiza maji ya kufidia yanayopotea tu, ila siku ya hatari fungulia. Na miezi ya baridi, Mufindi kama Rungwe, punguza chakula, maana samaki hali sana, na mabaki huoza.

Kazi hii si ngeni nchini. Majaribio ya kufuga samaki mabwawani yalianza mwaka 1949 huko Korogwe na Malya. Mabwawa mengi yakachimbwa baadaye, lakini mengi hayakuzaa kitu, na sababu moja ilikuwa utunzaji mbaya. Kuchimba ni kazi ya majuma machache. Kuyatunza maji ni kazi ya kila siku.

Jioni ile ile nilikwenda kwa jirani. Ni mtu mzima kuliko mimi. Nikamwambia, "Shikamoo, baba. Sumu niliitia mwenyewe, kwa mikono yangu. Nimekukosea." Na kwa kuwa nilimchafua mbele ya watu, Jumapili niliwaambia watu wale wale kweli yote.

Alikaa kimya kitambo, kisha akajibu, "Marahaba. Mfereji unapita kwangu. Samaki wako wakihema tena usiku, fungulia tu, usingoje kunigongea mlango."

Msomaji mpenzi, ukikuta samaki wamekufa, tazama maji kwanza, na mikono yako mwenyewe, kabla hujalitaja jina la mtu.