Diski C Imejaa? Usiguse Kitu!

Nilikuwa kimya kwa sababu ya kazi, lakini leo lazima niseme, maana yaliyonikuta wiki iliyopita hapa hapa Frere Town yamenichosha roho.

Saa mbili unusu asubuhi napigiwa simu. Zahanati moja si mbali na Kengeleni, seva imegoma. Wagonjwa wamejaa benchi, dada wa mapokezi anaandika majina kwenye daftari la shule, hakuna anayeweza kufungua faili la mgonjwa. Ujumbe kwenye skrini: diski C imebaki na baiti 0. Nikauliza nani yuko hapo. Nikaambiwa yupo kijana fundi, "anapanua diski sasa hivi."

Nilikimbia. Sitanii.

Nikamkuta kijana amekaa mbele ya seva, ile ya mnara, chini ya ngazi, karibu na ndoo ya kudeki. Ameingiza flashi yenye programu ya kupanga upya patisheni (kamusi inasema kizigeu, lakini sijasikia fundi hata mmoja wa Mombasa akitamka neno hilo). Kishale kiko juu ya kitufe cha kuanza. Mpango wake: apunguze D, aisogeze kulia, kisha nafasi iliyoachwa aipe C.

"Kaka, ni dakika kumi tu," akaniambia.

Nikamuuliza: D ina nini? Picha za eksirei na hati zilizoskaniwa, GB 290. Bakapu iko wapi? Iko D, kwenye folda inaitwa BACKUP. UPS je? Ipo. Nikachomoa waya wake ukutani kuipima. Ilidumu dakika 4.

Haya, tuelewane kuhusu hicho kitufe. Ukipanua patisheni kuelekea nafasi tupu iliyo kulia kwake, huhamishi data yoyote. Windows inabadili jedwali la patisheni na hesabu za mfumo wa faili, imekwisha. Lakini ukitaka kusogeza MWANZO wa D, hiyo GB 290 yote inabidi ihamishwe mahali pake, bloku kwa bloku, kwenye diski ileile. Hiyo si dakika kumi, ni saa kadhaa. Stima ikipotea katikati (na nyinyi mnaoishi huku Kisauni sina haja ya kuwaambia kuhusu stima), unabaki na nusu ya data mahali papya na nusu mahali pa zamani, na bakapu yako imo humo humo ndani ya mchanganyiko huo. Miaka ya watu, vipimo vyao, dawa walizopewa, zote. Tena Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inahesabu hata upotevu wa bahati mbaya kuwa ni uvunjaji wa usalama wa data. Huwezi kumwambia mtu "ni stima."

Simlaumu sana kijana. Ninayemlaumu ni aliyeiweka seva hiyo. Diski ya GB 500, akakata GB 80 akaita C, iliyobaki yote akaita D, "ili data iwe salama." Mpaka leo mafundi wetu wanafanya hivi, na wateja wanalipia. Jamani! C na D kwenye diski moja hazilindani hata kidogo. Diski ikifa zinakufa pamoja, siku moja, saa moja. Najua desturi hii ilipotoka: enzi za Windows 98, ulipokuwa ukifomati C kila baada ya miezi michache na nyimbo zako zikabaki D. Kwenye kompyuta ya nyumbani ilikuwa na maana. Kwenye seva ya zahanati, ulichofanya ni kujenga chumba kidogo ukajua fika kwamba siku moja kitajaa.

Na kilijaa na nini? Hilo ndilo swali ambalo hakuna aliyeuliza! Nilichukua dakika tano kutafuta faili kubwa kwenye C. Faili ya logi ya SQL Server, ile inayoishia na .ldf: GB 47. Hifadhidata yenyewe ilikuwa GB 3. Narudia, data GB 3, logi GB 47.

Sababu yake wanaifahamu wanaoshughulika na SQL Server. Hifadhidata ikiwekwa kwenye hali ya FULL, logi haiachii nafasi yake mpaka ufanye bakapu ya LOGI. Zahanati walikuwa na bakapu ya hifadhidata kila usiku na wakaamini wamemaliza kazi. Bakapu ya hifadhidata haipunguzi logi. Kila mgonjwa aliyeandikishwa aliongeza kidogo, kidogo, kidogo, hadi ikatoka hitilafu namba 9002. Sasa niambieni, kijana angefanikiwa kuipa C GB 100 zaidi, ingekuwaje? Logi ingezila zote kimya kimya, na siku ya kujaa tena ungekuwa na faili kubwa zaidi ya kuhangaika nayo.

Nilichofanya: nikasimamisha huduma ya SQL Server, nikanakili faili zote mbili kwenye diski ya nje. Nikafuta faili za muda za Windows kupata pa kupumulia. Nikaiwasha tena, nikafanya bakapu kamili, kisha BACKUP LOG, zote kwenye diski ya nje, kisha DBCC SHRINKFILE hadi logi ikawa GB 2. Ilibidi nirudie bakapu ya logi mara mbili kabla haijakubali kupungua. Patisheni sikuigusa. Saa sita kasoro dada wa mapokezi alifunga daftari.

Wapo watakaoniambia kwamba wakati mwingine lazima upanue. Kweli, nakubali. Apdeti za Windows zenyewe hula nafasi, na GB 80 si nyingi. Kwenye Windows Server 2003, diskpart ilikuwa inakataa kabisa kupanua patisheni ya mfumo, ndiyo maana programu hizi za kuhamisha zikapata umaarufu. Kuanzia 2008 Windows inapanua C yenyewe, ila nafasi tupu lazima iwe jirani yake upande wa kulia. Halafu Server 2022 imekuja na vituko vyake: ukiinstoli upya, patisheni ya uokoaji inakaa kulia kabisa kwa C! Unaongeza diski kwenye mashine pepe, unabofya, chaguo la kupanua limefifia. Inabidi uzime uokoaji kwa reagentc, ufute patisheni yake, upanue, uiunde tena. Microsoft wenyewe walijikwaa hapo Januari 2024, apdeti yao ikashindwa kuingia kwenye kompyuta nyingi kwa sababu patisheni hiyo ilikuwa ndogo mno.

Kwenye Linux mambo ni mepesi, na hapa najisifu kidogo. Ukiwa na LVM, lvextend -r moja inakuza ext4 au XFS seva ikiwa inaendelea kuhudumia watu. Lakini hata huko, kabla ya lvextend kuna df -h, kuna df -i, kuna du. Nimewahi kuona mtu akikuza /var mara mbili kwa sababu ya logi ya programu aliyosahau kuizima. Na XFS ukishaikuza kwa pupa, hurudi nyuma, haina kupunguzwa.

Kwa hiyo mkinipigia simu, nitauliza maswali mawili kabla sijafunga viatu: nini kimejaza, na bakapu iko nje ya diski hiyo? Wenye zahanati wetu hapa wanapita kila siku kwenye ile kengele ya CMS iliyotundikwa kuwaonya watumwa walioachiwa huru kwamba hatari inakuja. Seva yao haikuwa na onyo lolote la asilimia 80. Sasa inalo, linatuma barua pepe kwangu na kwa daktari mwenyewe.

Daktari ni mzee wa heshima, nilimwamkia shikamoo nikampa ankara. Akaisoma taratibu, akavua miwani.

"Mwanangu, umeongeza GB ngapi?"

"Sifuri, Daktari."

Amelipa nusu. Nusu nyingine tunaendelea kuizungumza.