Maelezo ya pasi za nywele yaandikwe kwa Kiswahili

Miongoni mwa vyombo vya umeme vilivyoingia katika mabweni ya vyuo vyetu, sidhani kama kuna kinachonunuliwa kwa pupa na kutumiwa bila kusomewa kama pasi ya nywele. Ninakusudia lile koleo lenye mabamba mawili yanayopata moto, ambalo mtu hubana shungi la nywele katikati yake akalivuta kutoka shinani hadi nchani ili nywele zilale. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hupokea mkopo wake wa masomo, na kabla hajanunua kitabu hata kimoja amekwisha kufika barabara ya Luthuli jijini Nairobi, akachagua boksi lenye picha ya msichana mwenye nywele ndefu kuliko wenzake, akalipa na kuondoka. Juma la pili anakuja darasani amejifunga kitambaa kichwani.

Huenda msomaji akauliza mwalimu wa isimu ana habari gani na pasi za nywele. Kwanza mimi ni mwanamke, nina nywele, nami huzinyoosha mara chache kwa mwaka, hasa panapokuwa na harusi. Sikukalia kiti hiki ili niwahubirie vijana kwamba anayenyoosha nywele ameukana Uafrika wake. Hotuba hiyo imetolewa mara nyingi, na watoaji wake wengi ni wanaume wenye vipara. Kilichonisukuma kushika kalamu ni lugha. Chombo hiki huuzwa kwa maneno, na maneno hayo, ama hayaeleweki, ama yanaeleweka vibaya.

Tuanze na kitenzi chenyewe. Mama zetu hawakusema kunyoosha nywele. Walisema kuchoma. Kitana cha chuma kiliwekwa juu ya jiko la makaa, kikatolewa, kikapanguswa kwa kitambaa, kisha kikabanwa kwenye kipande cha karatasi. Karatasi ikigeuka rangi ya kahawia, kitana kiliachwa kipoe kidogo. Ikibaki nyeupe, kazi ilianza, na aliyekuwa akichomwa akaambiwa ashike sikio lake alikunje. Naomba walimu wa sayansi waitazame karatasi ile kwa makini. Mama hakuwa na kipimajoto, lakini alikuwa na kipimo. Alijua kwamba kuna joto la kulaza nywele na joto la kuziunguza, na kwamba baina ya hayo mawili pana hatua ndogo. Kitenzi alichokitumia nacho kilikuwa cha kweli: anayechoma anajua ameshika moto.

Kitenzi cha dukani ni kunyoosha, nacho kina hila. Hakinyooshwi ila kilichopinda. Anayekubali neno hilo bila kufikiri amekwisha kukubali kwamba nywele alizozaliwa nazo ni kosa linalongoja kusahihishwa. Kiswahili chenyewe kina majina mawili yasiyo na hukumu ndani yake: nywele za singa ni zile zinazolala, na nywele za kipilipili ni zile zinazojikunja kama punje. Ubaya tulioutia katika jina hili la pili ni wetu sisi wasemaji. Punje ya pilipili haina lawama. Lakini nisiende mbali, maana anayetaka kununua pasi leo hatangoja tumalize mjadala wa umilisi.

Anachopaswa kujua ni kinachotendeka ndani ya unywele wake. Unywele umeundwa kwa protini iitwayo keratini, na nyuzi za keratini hushikana kwa vifungo vya namna mbalimbali. Viko vilivyo dhaifu, vya haidrojeni, na viko vilivyo imara, vya salfa. Pasi hufungua vile dhaifu tu. Nywele hulazwa zikiwa na moto, na zinapopoa vifungo hujifunga upya katika umbo jipya. Maji huvifungua tena. Ndiyo sababu nywele zilizonyooshwa Nakuru asubuhi zikifika Mombasa jioni huanza kujikunja zenyewe: unyevu wa hewa ya pwani umefanya kazi yake. Kununua pasi yenye moto mkali zaidi kwa matumaini ya kuushinda unyevu huo ni kutafuta hasara, kwani joto likizidi mno keratini yenyewe huharibika, na nywele zilizofikishwa hapo hazirudi kujikunja hata zioshwe mara kumi. Hubaki zimelegea, zikikatika.

Nywele za kipilipili zina udhaifu wake. Ukikata unywele wa namna hiyo na kuutazama kwa hadubini, utaona umbo lake limebonyea kama yai badala ya kuwa duara, nao hujipinda mara nyingi katika urefu wake. Kila mpindo ni mahali pa kukatikia. Aidha, mafuta ya ngozi ya kichwa huteremka kwa taabu katika mipindo hiyo, hivyo ncha huwa kavu. Kwa hiyo yule anayefikiri kwamba nywele ngumu zinahitaji moto usio na mpaka amelielewa neno ngumu vibaya.

Basi jambo la kwanza la kutafuta katika pasi si rangi wala jina, ni namba. Pasi nzuri humwezesha mtumiaji kuchagua joto kwa digrii na kuliona limeandikwa. Kwa nywele nyembamba, au zilizotiwa dawa au rangi, digrii 150 za Selsiasi zinatosha. Kwa nywele nzito mtu anaweza kupanda hadi 180 au zaidi kidogo. Sioni sababu ya mtu wa kawaida kuvuka 200. Pasi yenye taa moja nyekundu na swichi ya kuwasha na kuzima, isiyosema imefika digrii ngapi, iko nyuma ya karatasi ya mama. Naam, iko nyuma yake, ingawa imetoka kiwandani.

Hata namba nazo zinataka kusomwa. Maboksi mengi hujigamba kwa 450, tarakimu kubwa za rangi ya dhahabu. Hizo ni digrii za Farenhaiti, sawa na 232 za Selsiasi, joto la tanuri la kuoka mikate. Mwanafunzi aliyefundishwa Selsiasi tangu shule ya msingi anaiona 450 na kudhani ni sifa. Kubadilisha Farenhaiti kuwa Selsiasi ni hesabu ya dakika moja: toa 32, zidisha kwa 5, gawanya kwa 9. Sijui kwa nini hatuwapi wanafunzi wetu boksi la pasi waifanyie hesabu hiyo badala ya kuwapa halijoto za miji wasiyopata kuiona.

Somo la fizikia ni zito zaidi, kwani linahusu uhai. Umeme wa nyumba zetu ni wa volti 240. Wa Marekani ni volti 120. Shangazi aliye ng'ambo humtumia mpwa wake pasi nzuri ya bei ghali, imeandikwa 120V kwa herufi ndogo karibu na waya. Mpwa hununua kigeuzi cha plagi ili meno yaingie ukutani, akadhani tatizo limekwisha. Kigeuzi hicho hubadilisha umbo la meno tu, hakibadilishi umeme. Volti zikiongezeka mara mbili katika chombo chenye waya wa kawaida wa kupasha joto, nguvu inaweza kupanda hadi mara nne. Matokeo yake ni moshi, na pengine moto. Pasi inayofaa kusafiri imeandikwa 100–240V. Herufi hizo ndogo zina thamani kuliko maandishi yote mengine ya boksi lile.

Maandishi hayo mengine ni ya namna gani? Niliwahi kuwaomba wanafunzi wangu wa semantiki walete maboksi ya pasi zao darasani. Yalifika tisa. Tuliyaweka mezani, tukayaorodhesha maneno yaliyojirudia, tukauliza kila neno linamaanisha nini na linathibitishwaje. Kauri lilikuwa katika maboksi yote tisa. Kauri ni udongo uliochomwa, sawa na vikombe vya chai, na sifa yake katika pasi ni kusambaza joto kwa usawa. Lakini kuna tofauti kubwa baina ya bamba la kauri tupu na bamba la alumini lililopakwa ngozi nyembamba ya kauri, na boksi halikulazimika kututofautishia. Ngozi hiyo ikibanduka, chuma kilicho chini hukwaruza na kunasa nywele. Titaniamu ni metali halisi, hupata moto upesi, nayo inafaa mkono uliozoea, si mkono wa anayeanza. Tumalini ni jiwe ambalo kwa hakika hupata chaji ya umeme likipashwa moto. Kutoka ukweli huo mdogo, boksi liliruka hadi ahadi ya kufufua nywele. Hapo darasa lilicheka, kwani mmoja wao alikuwa amesoma biolojia: unywele uliokwisha kutoka nje ya ngozi ni mfu. Unaweza kupakwa mafuta, kulainishwa, kulindwa. Kufufuliwa, hapana.

Maonyo tuliyakuta katika vikaratasi vilivyokunjwa ndani, kwa Kichina na kwa Kiingereza kilichotafsiriwa kovyo. Kimoja kilikataza kutumia pasi kwenye nywele zenye maji. Onyo hilo lina sababu yake: maji yaliyonaswa ndani ya unywele hugeuka mvuke ghafla, yakatengeneza mapovu yanayoupasua kutoka ndani. Msichana aliyeileta pasi hiyo alikuwa ameitumia miezi mitano kila atokapo kuoga. Alidhani sauti ile ya kuchirizika ndiyo ishara kwamba inafanya kazi. Kikaratasi hakukifungua, kwa kuwa, kama alivyosema, "kile hakikuandikiwa mimi."

Sentensi hiyo imenikaa moyoni. Katiba yetu ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na tena ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari zinazohitajika ili afaidi kikamilifu bidhaa anayoilipia. Nikiviweka vifungu hivyo viwili sambamba, siwezi kuelewa kwa nini chombo chenye joto la digrii 200 huuzwa kwa mamilioni ya wasemaji wa Kiswahili bila hata sentensi moja ya Kiswahili ndani yake. Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa nchini, KEBS, lina alama yake kwa bidhaa zinazoagizwa kutoka nje, na ni vyema mnunuzi aitafute alama hiyo. Ningependa shirika hilo pia liwadai waagizaji ukurasa mmoja wa maelezo kwa Kiswahili sanifu: volti, joto, maji, na namna ya kuizima. Soko la Kiswahili lina Tanzania pia, na waagizaji hawawezi kudai kwamba karatasi hiyo ingekosa wasomaji.

Dukani, yako majaribio ambayo hayahitaji lugha yoyote. Yafumbe mabamba na uyatazame dhidi ya mwanga. Ukiona ufa wa nuru katikati, hayakutani sawasawa, nawe utarudia shungi moja mara nne pale ambapo mara moja ingetosha. Pitisha kidole kwenye kingo uone kama ni za mviringo au zinakata. Mwenye nywele fupi achague mabamba membamba, yapata sentimita mbili na nusu, yaweze kufika shinani bila kuunguza ngozi. Yale mapana ni ya nywele ndefu. Waya uwe mrefu na uzunguke mahali unapoungana na mpini. Zaidi ya yote, kwa anayeishi bwenini, pasi iwe na uwezo wa kujizima ikisahauliwa. Vitanda vyetu vya ghorofa, magodoro ya sponji na umeme unaokatika na kurudi wakati mwenyewe amekwenda mhadharani ni mchanganyiko ambao wasimamizi wa mabweni wanaujua vyema, ndiyo maana wengi wao huzipiga marufuku pasi hizi. Marufuku haizuii, wanazificha chini ya mito.

Kuna wanaoniambia kwamba ni heri dawa kuliko moto. Sikubaliani nao. Dawa huvunja vile vifungo imara vya salfa, na utafiti uliochapishwa Marekani mwaka wa 2022, uliowafuatilia wanawake zaidi ya 33,000 kwa takriban miaka 11, ulionyesha kwamba waliotumia dawa za kunyoosha zaidi ya mara nne katika mwaka uliotangulia walipata saratani ya mji wa mimba kwa kiwango cha zaidi ya maradufu ya wasiozitumia. Utafiti huo haukuthibitisha kwamba dawa ndizo chanzo, lakini unatosha kumfanya mtu asite. Ama zile tiba za saluni ziitwazo za keratini, ambazo hupakwa kisha zikapigwa pasi, baadhi yake hutoa gesi ya fomaldehaidi zinapopata moto, na gesi hiyo husababisha saratani. Anayeivuta zaidi ni msusi, anayesimama juu ya vichwa hivyo kutwa nzima.

Darasa langu lile lilijaribu kukitafsiri kikaratasi kimoja tangu mwanzo hadi mwisho. Tulimaliza kwa saa mbili, na tatizo letu kubwa halikuwa titaniamu wala tumalini, ambayo yalikubali kuvaa irabu za Kiswahili bila ugomvi. Tulikwama kwenye kile kifaa kinachozima chombo baada ya muda. Mmoja alipendekeza kizimishi, mwingine kijizimacho, na wa tatu akaja na istilahi ya silabi kumi na moja ambayo nimeisahau kwa makusudi. Hatimaye msichana wa kitambaa aliandika ubaoni: "Ukiisahau, hujizima baada ya dakika 30." Tukaiacha hivyo. Walimu wenzangu walio na maboksi kama hayo majumbani mwao wanaweza kuanzia hapo.