Dinosaria Waliopotezewa Kwao
Vijana wa Bariadi, mkoani Simiyu, pindi pamba ya wazee wao ikisha kuuzwa, hujaa katika vibanda vya gemu wakicheza aghalabu mpira wa Ulaya. Walakini akinijia mmoja wao kuniuliza habari za michezo ya zamani iliyotokana na filamu ya Jurassic Park ya mwaka 1993, humjibu kwamba uliozidi kwa taksiri ni ule wa Trespasser, wa mwaka 1998, ambamo Anne, mhusika wake, huwa na mkono mmoja tu wa kutendea kazi, unaojipinda ovyo kila aokotapo bunduki, na mchezaji akitaka kujua kiasi cha uhai uliobaki hana budi kuinamisha macho atazame chale ya moyo kifuani. Taksiri hiyo naisamehe. Nisiloliridhia ni kwamba mtoto wa Simiyu aweza kuyacheza hayo yote asijue kuwa dinosaria wa shingo ndefu, nduguye yule aliyestaajabiwa mwanzo katika filamu, alifukuliwa Tendaguru, mkoani Lindi, baina ya mwaka 1909 na 1913, na mifupa yake, iliyochukuliwa na wapagazi wetu (nao wanastahili kukumbukwa!) hadi pwani, imesimamishwa Berlin kwa kimo cha zaidi ya meta 13, basi natamani kwa dhati mafundi wetu wa programu watutungie mchezo unaoanzia Tendaguru.