Sifuri na Pengo

Tunaofundisha kusoma tumezoea kumsifu mtoto asiyekwama. Tunaona kwamba kipimo hicho hakitoshi, na mfano wetu tunautoa katika somo la kompyuta.

Lugha ya Go, iliyotangazwa na Google mwaka 2009, ni miongoni mwa zile ambazo programu hutafsiriwa yote kuwa lugha ya mashine kabla ya kutumika. Kwa hiyo mambo yanayobadilika mara kwa mara huwekwa kando, katika faili la mipangilio, ambalo programu hulisoma inapoanza kazi. Aghalabu faili hilo hufuata utaratibu wa JSON: jina, nukta mbili, kisha thamani.

Tuchukue programu ya kupanga matokeo ya mtihani. Faili lina jina "alama_ya_kufaulu" na thamani 40. Mwandishi akisahau kufunga mabano, kisomaji cha Go husimama na kutaja kosa. Lakini akiandika "alama_ya_kufalu", hakisemi neno. Jina kisilolitambua hukiruka, na nafasi iliyokosa thamani hubaki sifuri. Hapo watoto wote wamefaulu, hata aliyerudisha karatasi tupu!

Dawa ipo. Tangu toleo la 1.10 la mwaka 2018, amri ya DisallowUnknownFields hukifanya kisomaji kikatae jina geni. Tena, nafasi ikitangazwa kuwa kielekezi, pengo halichanganyiki na sifuri iliyoandikwa. Hatimaye programu yenyewe haina budi kukagua kwamba alama imo kati ya 1 na 100.

Wapo wanaotetea upole, ili programu ya zamani iweze kusoma faili jipya. Hoja hiyo ina uzito pale mashine mbili zinapopelekeana habari. Lakini faili la mipangilio huandikwa na mkono wa mtu, nao mkono hukosea.

Walimu wenzetu mnaojiandaa kwa kazi hii, tofauti hiyo mtaikuta katika daftari la alama. Mtoto aliyepata sifuri hufundishwa upya. Asiyefika kwenye mtihani huulizwa habari zake. Mkiwaandikia wote sifuri, mmewapoteza wote wawili. Vivyo hivyo katika kusoma: mtoto anayebuni neno asilolijua na kuendelea kwa sauti nzuri amemficha mwalimu pengo lake. Yafaa tumzoeze kusimama na kusema, "Neno hili silijui," na tumsifu anapofanya hivyo.